Kizuizi na Mwendo: Historia ya Sheria za Barabarani Kisumu na Kandokando ya Ziwa Victoria

Mji wa Kisumu ulizaliwa na reli kabla ya kulelewa na barabara, na mpangilio huo umeathiri kwa zaidi ya miaka 100 namna serikali ilivyolitazama gari na mtu anayeliendesha. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, iliufikia ufuo wa Ghuba ya Winam mwezi Desemba 1901, na mahali ilipokomea pakaitwa Port Florence. Kuanzia hapo abiria na mizigo vilisafirishwa kwa meli za ziwani hadi Uganda. Garimoshi lilikuwa mali ya serikali, lilipita njia moja kwa saa zilizopangwa, na walioliendesha walikuwa watumishi wenye mshahara, vyeo na nidhamu, hivi kwamba suala la dereva kukimbizana na mwenzake ili awahi abiria halikuweza hata kuzuka. Barabara, kwa fikra za watawala, ilikuwa mtumishi wa reli: kazi yake ilikuwa kuleta pamba, simsim, ngozi na mahindi kutoka vijijini hadi stesheni na bandarini. Nyingi za barabara hizo zilitengenezwa kwa kazi ya shuruti, iliyowahusisha hata wanawake na watoto, jambo lililomfanya Shemasi Mkuu Walter Edwin Owen wa Kanisa la Anglikana, aliyesaidia kuunda mwaka 1923 Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo (Kavirondo likiwa jina ambalo wakoloni waliipa nchi ya Nyanza), kupaza sauti dhidi ya utawala uliowatumikisha watu bila kuwalipa. Kwa wakazi wengi wa ufuoni, basi, barabara ilijulikana kwanza kama amri ya chifu, na baadaye sana kama njia ya kusafiria.

Magari ya injini yalipoongezeka baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mengi yao malori ya wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa na maduka Kisumu na matawi katika masoko ya mashambani, serikali iliyaona kwanza kama tishio kwa mapato ya reli. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931 na wachimbaji kumiminika huko kupitia Kisumu, safari za malori na mabasi kati ya miji hiyo miwili ziliongezeka haraka. Katika muongo huohuo sheria za kutoa leseni za uchukuzi zilitungwa, na lengo lake kuu lilikuwa kuamua nani abebe mzigo gani, autoe wapi na aupeleke wapi, ili lori lisiinyang'anye reli riziki yake. Swali ambalo mtumishi wa serikali alifunzwa kumwuliza dereva lilikuwa: kibali chako kiko wapi? Swali la pili, yaani umefikaje hapa na kwa mwendo gani, halikuwa na nafasi katika utaratibu huo, na historia yote inayofuata inaweza kusomwa kama habari ya jinsi swali la kwanza lilivyoendelea kulimeza la pili.

Sheria inayotawala barabara za Kenya mpaka leo, yaani Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ilipitishwa mwaka 1953 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1954. Vifungu vyake kuhusu udereva vinafuata kwa karibu Sheria ya Trafiki ya Uingereza ya mwaka 1930, ambayo ilitenganisha makosa mawili: kuendesha bila uangalifu, yaani uzembe wa kawaida wa mtu asiyewajali wenzake barabarani, na kuendesha kwa njia ya hatari, yaani kwa mwendo au kwa namna inayohatarisha umma, hali zote zikizingatiwa, zikiwemo hali ya barabara yenyewe na wingi wa magari yaliyopo au yanayoweza kutarajiwa kuwepo. Juu ya makosa hayo lipo la tatu na zito zaidi, la kusababisha kifo kwa kuendesha gari, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 10. Ukisomwa kwa makini, ufafanuzi wa udereva hatari ni wa busara, kwa sababu unamtaka hakimu aiangalie barabara ileile, saa ileile, badala ya kushikilia tarakimu moja ya mwendo. Lakini ufafanuzi huo unadai shahidi aliyeona gari likienda. Sheria yenyewe inaongeza sharti jingine, kwamba mtu hawezi kutiwa hatiani kwa kuvuka kikomo cha mwendo kwa kutegemea tu maoni ya shahidi mmoja anayesema gari lilikuwa linakwenda kasi. Nchini Uingereza, ambako polisi wa doria walikuwa na pikipiki na magari yenye vipima mwendo, masharti hayo yalikuwa kinga ya haki kwa mshtakiwa. Katika Nyanza ya mwaka 1954, ambako wilaya nzima ilikuwa na askari wachache waliosimama njia panda wakiwa na kalamu na daftari, masharti hayohayo yalimaanisha kwamba kosa kubwa kuliko yote lilikuwa gumu kuthibitishwa kuliko yote, ilhali taa iliyovunjika au leseni iliyokwisha muda ilithibitishwa kwa kutazamwa tu.

Umbo la nchi nalo halikuwasaidia askari hao. Ziwa liko kwenye kimo cha takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na karibu kila barabara kuu inayoingia Kisumu kutoka bara hushuka kwa ghafla: ile ya Kericho huteremka kutoka nyanda za chai zenye kimo kinachokaribia mita 2,000 hadi kwenye tambarare za Kano, na ile ya Kakamega huporomoka kutoka milima ya kaskazini, ikapita Kiboswa na Mamboleo hadi Kondele. Dereva anayeshuka akiwa na breki zilizochakaa hujaribiwa na mteremko, na akishafika Awasi na Ahero hujaribiwa upya na barabara iliyonyooka katikati ya mashamba ya mpunga na miwa, ambako ng'ombe, baiskeli, watoto wa shule na matrekta ya miwa yasiyo na taa hugawana lami na mabasi ya masafa marefu. Kizuizi kilichowekwa chini ya mteremko hulikuta gari ambalo hatari yake imekwisha kupita, au gari ambalo halikufika kabisa.

Baada ya uhuru, uhusiano wa raia wa Nyanza na askari wa barabarani uliingiwa na uchungu ambao haukutokana na trafiki. Mwezi Januari 1969 Waziri wa Mambo ya Nje, Argwings Kodhek, mwana wa Gem, alifariki Nairobi katika kile serikali ilichokiita ajali ya gari, na wengi nyumbani hawakuyaamini maelezo hayo. Tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo, Rais Jomo Kenyatta alipokuja Kisumu kufungua hospitali kuu ya Nyanza iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, walinzi wake waliufyatulia risasi umati, na risasi ziliendelea kuwapata watu waliosimama kandokando ya barabara wakati msafara ukiondoka kuelekea Ahero. Mambo haya ni ya siasa, lakini mwanahistoria wa barabara hawezi kuyaruka, kwa kuwa sheria ya trafiki hutegemea raia kumwamini aliyeinua mkono kumsimamisha, na imani ya namna hiyo ikishavunjwa haijengwi na mabango.

Mageuzi makubwa zaidi ya kiuchumi yalikuja mwaka 1973, Rais Kenyatta alipoamuru kwamba matatu, yaani magari madogo ya watu binafsi yaliyokuwa yakibeba abiria kwa nauli bila kibali, yaruhusiwe kuendelea bila leseni ya bodi ya uchukuzi. Amri hiyo iliwapa kazi maelfu ya watu na kuwafikisha wanakijiji sokoni Kibuye na hospitalini bila kungoja basi la mara moja kwa siku, na kwa hiyo si haki kuihukumu kwa ajali peke yake. Kisumu ilijaa pikapu zilizotiwa mabodi yenye viti vya mbao vya kutazamana, na njia ya Nairobi ikatawaliwa na Peugeot za abiria saba zilizosifiwa kwa kuwahi. Pamoja na magari hayo ulizaliwa mfumo wa malipo ambao ndio kiini cha suala lote. Mwenye gari humtaka dereva amletee kiasi maalumu cha fedha kila jioni, na kinachobaki baada ya mafuta, ada za stendi na hongo ndicho ujira wa dereva na kondakta wake. Dereva akichoka au akitaka kupumua humkabidhi usukani mwenzake wa skwodi, yaani dereva wa muda asiye na mkataba na yeyote, ambaye naye ana saa chache tu za kupata chake. Katika mfumo huo kila abiria anayesimama Ahero au Kisian ni mali ya atakayemfikia kwanza, na mwendo wa kasi hautokani na ukaidi wa tabia ya dereva, bali ndio namna pekee ya kazi hiyo kumlipa. Wanaomlaumu dereva peke yake husahau kwamba mwenye gari, ambaye mara nyingine huwa mtumishi wa serikali au afisa wa polisi mwenyewe, hulipwa kwanza na hahojiwi kamwe.

Marekebisho ya mwaka 1984 yaliyarudisha matatu chini ya leseni na ukaguzi, na kwa nia njema yakaongeza idadi ya karatasi ambazo gari lazima libebe. Matokeo yake yalikuwa kukipa nguvu kizuizi cha polisi, yaani ule utaratibu wa kutandaza vyuma vyenye miiba barabarani ili kila gari lipunguze mwendo na kukaguliwa. Kila karatasi mpya ilikuwa sababu mpya ya kusimamishwa, na kila kusimamishwa kulikuwa kupotea kwa muda ambao dereva aliupima kwa fedha. Hivyo noti iliyokunjwa, iliyoitwa chai au kitu kidogo, ikageuka ada ya kawaida ya njia, ikijulikana kiwango chake na hata askari anayepaswa kuipokea. Athari yake juu ya mwendo haisemwi sana inavyostahili. Dereva aliyetoa chai Ahero alikuwa amenunua ruhusa ya kupita akiwa na abiria wa ziada na matairi yaliyoisha, na muda pamoja na fedha alizopoteza kwenye kizuizi alizifidia kwa kukimbia zaidi mbele. Utekelezaji wa sheria ulichangia kuongeza hatari ambayo sheria ilikusudia kuipunguza. Ushahidi ulitolewa hadharani kuanzia mwaka 2015, Tume ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ilipowahoji maafisa wa trafiki nchini kote na taarifa zao za M-Pesa zikaonyesha fedha zikipanda kutoka kwa askari wa chini hadi kwa wakubwa wao.

Kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zilizotangazwa mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004, zilikuwa jaribio la kwanza la dhati la kuingia ndani ya safari yenyewe. Matatu ilitakiwa kuwa na kidhibiti mwendo, yaani kifaa kinachozuia gari kuvuka kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama kwa kila kiti, abiria wasiozidi 14, mstari wa manjano ubavuni, na sare kwa dereva na kondakta. Kwa siku kadhaa magari yaligoma na watu wakatembea kwa miguu. Kisha yakarudi, safi na tulivu kuliko yalivyowahi kuonekana, na wasafiri wa Kisumu wa umri fulani bado huutaja mwaka huo kwa hamu. Utulivu huo haukudumu. Mafundi walijifunza kukilegeza kidhibiti mwendo, na askari kwenye kizuizi waliweza kuona sare na kuhesabu vichwa bila kujua kama kifaa kilichofungwa chini ya boneti kilikuwa kinafanya kazi. Kilichobaki hai ni sehemu ya kanuni inayoonekana gari likiwa limesimama.

Miaka michache baadaye wasomi James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walijaribu njia isiyomhitaji askari kabisa: walibandika ndani ya matatu za masafa marefu vibandiko vinavyowahimiza abiria wapaze sauti dereva anapokimbiza gari, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011 madai ya bima ya magari hayo yalikuwa yamepungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Jaribio hilo, lililokuja kuwa kampeni ya Zusha, linastahili heshima kubwa kuliko linayopewa, kwa sababu lilimtambua shahidi ambaye sheria ya mwaka 1953 ilimhitaji na haikumtafuta. Abiria ndiye pekee anayekuwepo kati ya kizuizi kimoja na kingine.

Bunge lilichagua njia nyingine. Mwaka 2012 Mbunge wa Gem, Jakoyo Midiwo, aliyewakilisha eneo linalokatwa na barabara kuu ya Kisumu hadi Busia, alipeleka mswada binafsi uliopandisha faini za trafiki mara nyingi zaidi ya zilivyokuwa; ukawa sheria na kuanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo, huku wenye matatu wakigoma. Nia ya mbunge huyo ilikuwa njema, lakini faini kubwa mikononi mwa mfumo uleule wa vizuizi ilipandisha pia bei ya kuiepuka. Mwaka huohuo iliundwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, iliyochukua nafasi ya bodi ya leseni iliyorithiwa kutoka enzi ya kuilinda reli, na mwishoni mwa mwaka 2013 mabasi yalipigwa marufuku kusafiri usiku bila kibali maalumu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 2018, basi lililotoka Nairobi kuelekea Kakamega lilianguka kwenye mteremko wa Fort Ternan, na zaidi ya watu 50 wakafa. Maafisa walisema asubuhi yake kwamba halikuwa na kibali cha usiku. Lilikuwa limesafiri saa nyingi katika barabara kuu ya nchi, na halikuzuiwa.

Wakati sheria ikihangaika na matatu, uchukuzi wenyewe ulibadilika. Bodaboda, zilizoanza miaka ya 1960 kama baiskeli za kuvusha watu na bidhaa mpakani Busia na Malaba, zilikuwa zimeenea Kisumu kwa maelfu kufikia mwisho wa karne, na baada ya serikali kuondoa ushuru kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, pikipiki zikachukua nafasi ya baiskeli kwa haraka ya ajabu. Sheria inamtaka mwendeshaji avae kofia ngumu na abebe abiria mmoja tu, lakini anayebeba wawili au watatu kutoka Kondele hadi Manyatta hupita vichochoroni ambako hakuna askari, na wodi za majeruhi katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ndizo zinazopokea hesabu yake. Kwenye njia za Bondo, Usenge, Homa Bay na Migori, nafasi ya matatu imechukuliwa na gari dogo aina ya Probox, lililoundwa kwa watu watano lakini linaloweza kubeba mara mbili yao, abiria mmoja akiketi kiti kimoja na dereva hivi kwamba mkono unaobadilisha gia hulazimika kupita juu ya mapaja yake.

Kuna pia safari za matanga, ambazo katika nchi ya Wajaluo haziwezi kutenganishwa na desturi ya kumzika mtu nyumbani kwa baba zake. Kila mwisho wa wiki misafara hutoka Nairobi usiku ikiwa na jeneza na waombolezaji, na mazishi yakiisha watu hurudi wakiwa wamechoka, mara nyingi katika gari la kuazima lisilo na leseni ya kubeba abiria kwa kukodiwa. Tarehe 8 Agosti 2025 basi la shule lililokuwa likiwarudisha waombolezaji Nyakach kutoka mazishini Nyahera liliacha njia na kupinduka kwenye mzunguko wa Coptic, Mamboleo, na zaidi ya watu 20 wakafa. Msiba mwingine haukuhusu matanga: miaka minne kabla yake, Julai 2021, lori la mafuta lililipuka Malanga katika barabara ya Busia baada ya kugongana na gari jingine, likawaunguza watu waliokuwa wamekimbilia kuchota petroli, na waliokufa hawakupungua 13. Matukio haya hutajwa kama misiba, na ni misiba kwelikweli, lakini yote mawili yalitokea katika barabara zenye vizuizi, na kizuizi hakikuwa na la kufanya nayo.

Katika kanuni za mwaka 2004, pembeni mwa sare na mstari wa manjano, lilikuwamo sharti lililotajwa kidogo kuliko yote: kwamba mwenye gari la abiria amwajiri dereva na kondakta kwa mkataba na kuwalipa mshahara wa kila mwezi. Sharti hilo, ambalo lingeondoa sababu ya kukimbilia abiria, ndilo lililopuuzwa kabisa, kwa kuwa mshahara hauonekani kwenye kizuizi na anayepaswa kuulipa hayumo garini. Zaidi ya Wakenya 4,000 hufa barabarani kila mwaka, kundi kubwa zaidi likiwa la watembea kwa miguu, na serikali ya kitaifa pamoja na kaunti za ziwani, ambazo ndizo zinazotoa nafasi za stendi na kukusanya ada za maegesho, zina uwezo wa kumkatalia nafasi hiyo mwenye gari yeyote asiyeonyesha mikataba ya wafanyakazi wake. Na zianze na wenye magari.